SAT: Nani hunufaika na jaribio la pili?

Tarehe 23 Juni 1926, watahiniwa wapatao 8,000 nchini Marekani walikaa kwa mara ya kwanza kufanya SAT, mtihani wa kujiunga na vyuo. Kazi ya kuutunga iliongozwa na Carl Brigham, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Princeton, aliyekuwa ameshiriki kuandaa vipimo vya akili vya wanajeshi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ulikusudiwa kupima kipaji, si mambo ambayo mtu amekariri darasani. Kwa mantiki hiyo, kuurudia kusingekuwa na maana, kwa kuwa kipaji hakipandi kati ya Machi na Oktoba. Tena, hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, alama zilipelekwa shuleni na vyuoni bila mtahiniwa mwenyewe kupewa. Asiyezijua alama zake hawezi kuchagua zipi zitumwe.

Imani kwamba kurudia hakuna maana ilianza kulegea mapema. Kuanzia mwaka 1946, Stanley Kaplan alifundisha tuisheni ya SAT huko Brooklyn, na biashara yake ikakua kwa sababu wazazi waliona alama zinapanda. Vyuo navyo vikazoea kutazama alama ya juu kabisa, na vingi vikaenda mbali zaidi kwa kuunganisha sehemu bora za siku tofauti. Chukua mwombaji aliyepata 700 za hisabati na 600 za lugha mwezi Machi, kisha Oktoba akapata 640 na 680. Jumla zake ni 1300 na 1320, lakini chuo kitamhesabia 1380, alama ambayo hajawahi kuipata kwa siku moja. Mwaka 2009 College Board, inayomiliki mtihani huo, ilimruhusu mwanafunzi kuchagua matokeo ya siku ipi yatumwe, kwa hoja ya kumpunguzia wasiwasi. Kabla ya hapo, ripoti ilibeba alama zake zote.

Kwa juu juu, ruhusa hiyo ni utu. Mtu huamka na homa, au maswali yakamwendea kombo, na SAT hufanyika mara kadhaa kwa mwaka, tofauti na mtihani wa kidato cha nne Tanzania, ambao anayerisiti huusubiri mwaka mzima. Lakini alama za mtu yuleyule hupanda na kushuka kidogo hata pale ujuzi wake ukibaki palepale. Anayejaribu mara tatu na kuonyesha ile bora amejiongezea nafasi ya kubahatisha, na nafasi hiyo ina bei. Utaratibu wenyewe unaonyesha hivyo. Mtahiniwa hupewa nafasi nne za kutuma alama bure, ila sharti azitumie kabla ya siku tisa kupita baada ya mtihani, wakati matokeo kwa kawaida hayajatoka. Anayetaka kuona kwanza ndipo achague, hulipia kila chuo.

Ushahidi unaunga mkono wasiwasi huu. Wachumi Joshua Goodman, Oded Gurantz na Jonathan Smith walichunguza takwimu za mamilioni ya watahiniwa. Waligundua kwamba waliokosa kidogo tu kufikia alama za mamia kamili, tuseme 1490 badala ya 1500, walirudia mtihani zaidi ya waliozifikia. Kwa kuwa makundi hayo mawili karibu yanalingana kwa uwezo, waliweza kupima faida ya kurudia: alama hupanda, na uwezekano wa kuingia chuo cha miaka minne huongezeka. Hata hivyo, wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo hurudia mara chache kuliko wenzao. Pengo la udahili kati yao kwa hiyo linatokana pia na nani alirudi kwenye kiti cha mtihani.

Wapo watakaojibu kwamba maskini husamehewa ada. Ni kweli: wanaostahili hufanya SAT mara mbili bure na kutuma alama bila malipo. Lakini msamaha humfaa anayejua kwamba upo, tena mwenye mtu wa kumwambia kuwa alama ya kwanza si hukumu. Wengine watasema heri kurudia kupigwe marufuku. Hapo atakayeumia zaidi ni yule ambaye mtihani wa kwanza ndio uliomfundisha mtihani ulivyo, ilhali mwenzake amefanya majaribio kadhaa kwenye tuisheni. Njia bora ilishaonekana Michigan, ambako kuanzia 2007 wanafunzi wa sekondari walifanya ACT, mtihani mshindani wa SAT, bure na ndani ya siku ya shule. Walijitokeza wanafunzi maskini wengi wenye alama za kutosha kwenda chuo ambao awali wasingejiandikisha kabisa. Jaribio la pili nalo liingizwe kwenye ratiba ya shule vivyo hivyo, kwa wote. Ruhusa ya kuchagua alama itakuwa ya haki pale tu kila mwanafunzi atakapokuwa na alama zaidi ya moja za kuchagua.