Daktari wa Voyager: Hologramu Iliyoandika Riwaya Ikachomea Mbogi Yote Picha

Kabla tuanze kubishana kazi ya AI ni ya nani, Star Trek: Voyager ilikuwa ishagusa hiyo maneno. Ni kipindi cha 20 cha msimu wa 7, "Author, Author", kilichotoka Aprili 18, 2001. Kama hujakicheki, chanuka hapa.

Daktari ni nani?
Si android kama Data. Ni hologramu, yaani programu ya matibabu yenye umbo la mtu lililoundwa kwa mwanga. Anaigizwa na Robert Picardo. Jina hana, wasee humwita Daktari tu.

Riwaya yenyewe
Inaitwa "Photons Be Free". Hii husomi, unaingia ndani. Wewe ndiye daktari wa meli ya Vortex, unabebeshwa mtambo mzito mgongoni ndio uweze kutoka kliniki, na kila mtu anakudharau. Kuna mahali Kapteni Jenkins anammaliza mgonjwa mahututi ndio ushughulikie afisa wake aliyeumia kidogo tu.

Alichemsha wapi?
Wahusika ni mabeshte wake wa Voyager, amegeuza majina na sura kiasi. Tom Paris amekuwa Marseilles, msee wa masharubu anayehanya. Seven of Nine amekuwa Three of Eight. Manze, hapo hata hakujaribu kuficha!

Mbogi ilikasirika. Daktari akajitetea eti ni hadithi ya kubuni, lengo ni kutetea hologramu zingine zinazofanyishwa kazi za punda. Paris hakubishana sana. Aliichezea riwaya, akaweka daktari mwenye kipara na tabia za fisi. Hapo ndipo Daktari alishika: unaweza kuwa na pointi poa na bado uumize watu wako. Akaamua kuiandika upya.

Kesi
Kumbe mchapishaji ashaitoa, na makosa yake yote. Kisingizio? Sheria inalinda watu, na hologramu si mtu.

Kapteni Janeway na mbogi, wale wale waliochorwa vibaya, wakamsimamia. Msuluhishi hakusema Daktari ni mtu, lakini alikubali ni msanii, kwa hivyo kazi ni yake. Nakala zikaamriwa zirudishwe.

Kama ushawahi andikia mtu kazi akaitoa bila jina lako wala doh, unajua vile hiyo huuma.

Mwisho wake
Miezi 4 baadaye, hologramu zenye sura ya Daktari ziko mgodini zikichimba. Moja inanong'onezea mwenzake: kuna risto moja lazima uicheki. Inaitwa "Photons Be Free".