Ufundi wa Kompyuta za Kale na Bonde la Kilombero

Baada ya kulegea kwa marufuku ya mwaka 1974 ya kuingiza kompyuta Tanzania, mashine hizo zilienea taratibu, hata mwaka 1996, Ifakara, penye maabara iliyoasisiwa na Rudolf Geigy wa Uswisi katika miaka ya 1950, ulipoanza usajili wa kaya za Kilombero na Ulanga, kumbukumbu zikahifadhiwa kwa kompyuta. Zama hizo, kompyuta yenye mfumo endeshi wa MS-DOS ilipowashwa ilisoma faili la CONFIG.SYS mstari kwa mstari, ikipakia draiva za vifaa vyake, na ikikosa mojawapo ilitoa onyo. Toleo la 6, la mwaka 1993, lilimwezesha fundi kubonyeza F8 na kuidhinisha kila mstari, hadi akabaini wenye hitilafu, akausahihisha au akairejesha draiva kutoka disketi. Ufundi huo ulidai subira na utaratibu. Kubahatisha hakukufaa kitu.