Kingdom Hearts: Mchezo ulioanzia kwenye lifti

Donald Duck tumemzoea kwenye katuni. Machi 28, 2002, Wajapani walimwona akiwa na fimbo ya uchawi, pamoja na Goofy, katika dunia moja na wahusika wa Final Fantasy. Mchezo huo wa video, uliotengenezewa PlayStation 2, ni Kingdom Hearts.

Wazo lilitoka kampuni ya Square. Shinji Hashimoto na Hironobu Sakaguchi walikuwa wakizungumzia Super Mario 64 ya Nintendo, na uhuru wa mchezaji kuzunguka atakako. Nao walitaka mchezo wa namna hiyo. Lakini nani angefikia umaarufu wa Mario? Mickey Mouse peke yake, na Mickey ana wenyewe. Tetsuya Nomura, aliyebuni wahusika wa Final Fantasy VII, akaomba kuuongoza ingawa hakuwahi kuongoza mchezo wowote.

Bahati ni kwamba Square na Disney walikuwa na ofisi katika jengo moja jijini Tokyo. Hashimoto alikutana na kigogo wa Disney kwenye lifti, akamweleza wazo lake humo humo.

Kazi ilianza Februari 2000, na mvutano ukaanza. Square walimtaka Mickey awe mhusika mkuu. Disney wakamtaka Donald. Nomura akabuni mtu mpya kabisa, Sora. Katika michoro ya mwanzo alikuwa nusu mtu nusu simba, mwenye silaha kama msumeno wa mashine. Disney hawakuvutiwa, na Sora akaishia kuwa kijana anayepigana kwa ufunguo mkubwa.

Mickey naye aliruhusiwa kuonekana mara moja tu. Kwa hiyo akafanywa mfalme aliyetoweka, na Donald na Goofy wanamtafuta. Mimi naona sharti hilo liliusaidia mchezo kuliko lilivyouumiza: unamtafuta mtu ambaye kila mmoja anamjua, na humpati.

Marekani waliupata Septemba 17, 2002, na Ulaya Novemba mwaka huo huo. Kwa sisi tunaoishi kwa sauti, jambo la kusikiliza ni Sora wa Kiingereza: ni Haley Joel Osment, yule mtoto wa filamu ya The Sixth Sense.

Mickey alipewa nafasi kubwa zaidi katika Kingdom Hearts II, iliyotoka Japani Desemba 2005.