Mkopo wa nyumba katika kipindi cha majaribio

Mkopo wa nyumba katika kipindi cha majaribio ni mkopo wa kununua au kujenga nyumba unaoombwa na mtu aliyeanza kazi mpya na ambaye mwajiri wake bado hajamthibitisha kazini. Katika nchi nyingi hakuna sheria inayokataza mkopo wa namna hiyo. Hata hivyo, benki nyingi huukataa, huuahirisha au huuwekea masharti magumu zaidi. Sababu ni kwamba mkopo wa nyumba hulipwa kwa miaka 10 hadi 25 au zaidi, ilhali ajira ya mwombaji inaweza kusitishwa kwa taarifa ya siku chache.

Kipindi cha majaribio kisheria

Kipindi cha majaribio, ambacho nchini Tanzania huitwa pia muda wa matazamio, ni muda ambao mwajiri anampima mwajiriwa mpya kabla ya kumthibitisha. Urefu wake na kinga anayopata mfanyakazi hutofautiana kati ya nchi na nchi.

Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaweka kikomo cha miezi 6. Muda huo unaweza kuongezwa kwa miezi mingine isiyozidi 6 iwapo mfanyakazi atakubali. Katika kipindi hicho mkataba unaweza kuvunjwa kwa taarifa ya siku 7 au kwa malipo ya mshahara wa siku 7. Mwaka 2021 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba mfanyakazi aliye katika majaribio naye ana haki ya kusikilizwa kabla ya kuachishwa.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kwamba masharti kuhusu kuachishwa kazi isivyo halali hayamhusu mfanyakazi mwenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyohuyo. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinataka muda wa majaribio uwe wa kiasi na usizidi miezi 12.

Nchini Ujerumani kipindi hicho hakizidi miezi 6, na taarifa ya kuacha au kuachishwa ni wiki 2. Nchini Uholanzi kikomo ni miezi 2 kwa mkataba usio na mwisho, na mkataba wa miezi 6 au pungufu hauruhusiwi kuwa na majaribio. Nchini Australia mfanyakazi hawezi kudai kwamba ameachishwa isivyo haki kabla ya kutimiza miezi 6 kazini, au miezi 12 kama mwajiri ana wafanyakazi chini ya 15.

Sababu za benki kusita

Nyumba yenyewe huwekwa rehani kama dhamana, lakini benki haitegemei kuiuza. Inategemea mshahara wa kila mwezi. Kuuza nyumba ya mdaiwa huchukua muda na gharama. Kwa mfano, Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inataka mdaiwa apewe ilani ya angalau miezi 3 ya kulipa deni lililochelewa, kisha ilani nyingine ya siku 40 kabla ya nyumba kuuzwa.

Pia mfanyakazi mpya huwa na kumbukumbu chache. Benki nyingi huomba slipu za mshahara za miezi 3 au zaidi pamoja na taarifa za akaunti inayopokea mshahara. Mtu aliyeanza kazi mwezi uliopita hana nyaraka hizo kutoka kwa mwajiri wa sasa.

Mambo yanayozingatiwa

Benki zinazokubali kumsikiliza mwombaji wa namna hii hutazama hasa mambo yafuatayo:

- Historia ya kazi: muuguzi, mwalimu au mhandisi aliyehama kutoka mwajiri mmoja kwenda mwingine katika fani ileile, bila kukaa muda mrefu pasipo kazi, huonekana salama kuliko aliyebadilisha fani.
- Aina ya mkataba: mkataba wa kudumu una uzito kuliko wa muda maalumu.
- Mshahara wa msingi: posho, kamisheni na malipo ya saa za ziada mara nyingi hupunguzwa au kuachwa kabisa katika hesabu mpaka yaonekane kwa miezi kadhaa.
- Malipo ya awali: kadiri mwombaji anavyotoa fedha zake nyingi, ndivyo benki inavyobeba hatari ndogo.
- Kumbukumbu za madeni: taasisi za taarifa za wakopaji huonyesha kama mikopo ya zamani ililipwa kwa wakati.
- Mwombaji mwenza: mshahara wa mke au mume aliyekwisha kuthibitishwa kazini unaweza kutosha peke yake.
- Makato: nchini Kenya jumla ya makato hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili ya mshahara, hivyo mikopo mingine hupunguza nafasi iliyobaki.

Mwajiri naye anaweza kusaidia. Barua inayotaja cheo, mshahara, tarehe ya kuanza na tarehe ya mwisho wa majaribio humwezesha afisa wa mikopo kufanya uamuzi. Baadhi ya waajiri hukubali kufupisha au kufuta majaribio kwa maandishi. Nchini Uholanzi mwajiri hujaza fomu maalumu ya uthibitisho wa ajira, ambayo ina swali kuhusu kipindi cha majaribio.

Mara nyingine benki hutoa kibali cha awali, lakini fedha hazitolewi mpaka barua ya kuthibitishwa kazini ipatikane. Mnunuzi mwenye kibali cha namna hii huwa hatarini kupoteza fedha aliyokwisha kumlipa muuzaji, iwapo mkataba wa mauziano hauna sharti la kurudishiwa pale mkopo unaposhindikana.

Mfano wa hesabu

Tuchukue nyumba ya shilingi 100,000,000 za Tanzania. Mnunuzi anatoa asilimia 20 na kukopa 80,000,000 kwa miaka 15, kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka inayohesabiwa juu ya deni lililobaki. Rejesho la kila mwezi ni takriban shilingi 1,120,000. Katika mwezi wa kwanza shilingi 1,000,000 ni riba, na takriban 120,000 tu ndizo zinazopunguza deni. Baada ya mwaka mzima atakuwa amelipa takriban 13,440,000, lakini deni litakuwa limepungua kwa takriban 1,540,000 tu.

Kwa hiyo anayepoteza kazi mapema bado anadaiwa karibu mkopo wote. Nyumba ikiuzwa kwa haraka na kwa bei ya chini, malipo yake ya awali ndiyo yanayoliwa kwanza. Akiba ya marejesho ya miezi 6, ambayo katika mfano huu ni shilingi 6,720,000, humpa muda wa kutafuta kazi nyingine.

Bima na ukweli wa maelezo

Bima inayoambatana na mkopo wa nyumba kwa kawaida hulipa deni mkopaji akifariki au akipata ulemavu wa kudumu. Mara nyingi haihusu kuachishwa kazi. Bima ya kupoteza ajira, pale inapopatikana, mara nyingi humwacha nje mtu aliye katika majaribio.

Mwombaji anayeficha kwamba yuko katika majaribio, au aliyebadilisha kazi baada ya kujaza fomu bila kuiarifu benki, anaweza kunyimwa mkopo hata katika hatua ya mwisho. Benki nyingi humpigia mwajiri simu kabla ya kutoa fedha. Kughushi barua au slipu ya mshahara ni kosa la jinai.

Njia nyingine

Njia rahisi zaidi ni kusubiri barua ya kuthibitishwa, huku mwombaji akiongeza akiba na kumaliza madeni madogo. Wanachama wa vyama vya akiba na mikopo wanaweza kukopa kwa kutegemea akiba zao na wadhamini, ingawa muda wa kulipa huwa mfupi. Katika Afrika Mashariki watu wengi hununua kiwanja kwanza na kujenga kidogo kidogo bila rehani. Benki za Kiislamu hutumia mikataba isiyo na riba, kama vile murabaha, lakini nazo huchunguza uhakika wa kipato.

Tazama pia

Ajira
Benki
Mkopo
Rehani
Riba