Jina Lako Liko ku Rejista Gani? Historia ya Makaratasi ya Shule Zetu



Karibu sisi wote tuliisha kununua karanga zilizofungwa ndani ya karatasi ya shule. Unakula, kisha unafungua ile karatasi: jina la mwanafunzi, darasa, pointi za hesabu, sahihi ya mwalimu. Tunacheka, tunatupa. Lakini siku moja ujiulize: na kama ile ilikuwa karatasi ya mwisho yenye kushuhudia kwamba ule mtoto alisoma?

Leo nataka tuongee juu ya historia ya makaratasi ya shule katika Kongo, zaidi sana rejista ya namba. Munaijua: ile buku kubwa ndefu ambamo sekretere anaandika mwanafunzi siku anaingia shuleni, jina lake, majina ya wazazi, mahali na mwaka wa kuzaliwa, shule alikotoka. Katika inchi ambamo karibu kila kitu kilibadilisha jina, ile buku ndiyo kamba yenye kufunga mtu na maisha yake mwenyewe. Na sisi tunaiacha inaliwa na muchwa.

Hesabu ilisafiri, majina yalibaki

Tuanze tarehe 26 Mei 1906. Siku ile Vatican na Serikali ya Leopold II walipatana: misheni za Kikatoliki zinapewa udongo, nazo zinafungua shule. Katika mapatano yale kulikuwa na sharti moja ambalo watu hawalisemi sana: mkubwa wa kila misheni alipaswa kumwandikia Gavana Mkuu ripoti kila kipindi, amwambie shule zinaendelea namna gani na wanafunzi ni wangapi. Kutoka miaka ya 1920, serikali ya Ubelgiji ikaanza kutoa pesa kwa shule za misheni za Kikatoliki zilizokubali inspeksheni. Misheni za Kiprotestanti zilingoja mpaka kisha Vita vya Pili vya Dunia. Kwa hiyo kuandika wanafunzi ikawa jambo la pesa pia.

Lakini tazameni kilichotokea. Ripoti ilipanda juu na hesabu: wavulana wangapi, wasichana wangapi. Majina yalibaki chini, ndani ya kabati la misheni. Ndiyo maana hata leo mtu anaweza kufika Brussels, ambako sehemu kubwa ya makaratasi ya utawala wa koloni ilipelekwa, asome hesabu za shule za wakati ule. Jina la babu yako huenda asilikute kule. Kama liko, liko ku parokia, karibu na kijiji.

Inchi yenye kubadilisha majina

Sasa uwaze muzee mmoja aliyezaliwa Elisabethville na kusoma primere yake pale. Mwaka 1966 mji wake ukaitwa Lubumbashi. Mwaka 1971 inchi ikawa Zaïre, na katika mwaka uleule jimbo lake Katanga likaitwa Shaba. Mwaka 1972 ikatoka amri ya kuacha majina ya kizungu. Rais mwenyewe, aliyekuwa Joseph-Désiré, akawa Mobutu Sese Seko. Muzee wetu naye akaacha jina la ubatizo, akachukua la babu yake. Mwaka 1997 Zaïre ikarudi kuwa Kongo, na Shaba ikarudi kuwa Katanga. Mwaka 2015 Katanga ikakatwa vipande vine, na Lubumbashi ikabaki katika Haut-Katanga. Hata wizara ya shule haikutulia: EPSP, kisha EPST, na tangu 2024 Éducation Nationale et Nouvelle Citoyenneté.

Ule muzee alifundisha miaka makumi. Siku ya kuomba pesa za uzeeni wanamwambia: «Papa, leta karatasi yenye kuonyesha huyu mtu wa diploma na wewe ni mtu mumoja.» Atatoa wapi? Mashahidi wake wamekwisha kufa. Kama sekretere wa wakati ule aliandika jina jipya pembeni ya jina la zamani, na kama ile rejista ingaliko, muzee ameokoka. Kama haiko, anaanza safari ya ofisi na ofisi, na kila mlango unaomba kitu kidogo.

Funguo ya kabati ni ya nani?

Mwaka 1967 ikaanza Examen d'État. Ilikuwa kitu kikubwa: mtoto wa Kasongo na mtoto wa Kinshasa wanapimwa na mtihani mumoja. Lakini mtihani ule ulileta pia karatasi mpya: dosie za wakandida, orodha, matokeo, diploma yenyewe. Na wengi wetu tunajua kungojea diploma ya kweli miaka na miaka, huku tunatembea na atestasyo tu. Atestasyo ikipotea, unarudi kuuliza kule ulikosomea.

Kisha, katikati ya miaka ya 1970, Mobutu akazichukua shule za makanisa zikawa za Serikali. Haikudumu. Tarehe 26 Februari 1977 Serikali ikatia sahihi mapatano na makanisa, na shule zikarudi chini ya usimamizi wao. Toka hapo tuna «ekole konvansyone»: kanisa linasimamia, Serikali ndiyo mwenye kulipa na kukagua. Sasa swali ni hili: rejista ya shule ile ni ya nani? Ya padri? Ya direktere? Ya Sous-Division? Kitu cha watu wawili mara nyingi hakina mwenye kukipangusa vumbi.

Ongeza vita na moto. Mwaka 1964, wakati wa maasi ya Mulele kule Kwilu na ya Simba mashariki, misheni nyingi zilishambuliwa. Mwaka 1991 na 1993 kukawa uporaji katika miji mikubwa. Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ikatema moto mpaka katikati ya Goma. Moto wa volkano hauulizi kabati ni la Serikali ao la kanisa. Karatasi iliyoandikwa mara moja tu, ikikaa mahali pamoja tu, inakufa mara moja.

Sheria haikukosa. Tangu tarehe 11 Julai 1978 tuna sheria juu ya kutunza nyaraka. Lakini sheria hainunui kabati, wala haizibi bati lenye kuvuja.

Mahali hakuna rejista, uongo unaingia

Musiwaze hii ni shida ya wazee tu. Septemba 2019 masomo ya primere ya Serikali yakawa ya bure, na madarasa yakajaa. Mwaka uliofuata, Inspection Générale des Finances ikachunguza mishahara ya walimu, ikakuta hata shule za uongo ndani ya orodha. Wakati uleule walimu wa kweli, wale tunaita «N.U.», walikuwa wakifundisha bila mshahara, juu ya majina yao hayakukuwa ku orodha. Jina la uongo linaishi tu kama hakuna mtu mwenye kulinganisha orodha ya juu na rejista ya chini.

Sisi tufanye nini?

Wengi wetu tutakuwa walimu, direktere, prefe, ao watumishi wa Sous-Division. Hatuwezi kuchunga kila karatasi. Majurnali ya masomo na makopi ya mitihani midogo yanaweza kwenda kisha muda wake. Lakini kuna vitu vinne ambavyo, kwa mawazo yangu, havipashwi kutupwa hata siku moja: rejista ya namba, matokeo ya mwisho wa mwaka, PV za deliberasyo, na dosie za walimu. Viandikwe mara mbili: kopi moja shuleni, ingine ku Sous-Division. Na direktere akiondoka, amukabizi mwenzake kwa maandishi: buku ngapi, za miaka gani.

Leo kuna simu mukononi. Picha ya ukurasa haichukui nafasi ya buku, lakini siku buku inaungua, picha ile ni bora kuliko machozi. Tu uziweke pahali pa usalama, maana ndani yake kuna majina ya watoto wa watu.

Likizo hii, ukirudi kwenu, pita ku shule yako ya primere. Salimia direktere kwa heshima, umuombe akuonyeshe rejista ya mwaka ulioingia. Kama jina lako lingaliko, angalia na yale yenye kufuatana nalo: wenzako wa benchi moja. Wengine wao hawana diploma, wala kadi ya uchaguzi yenye jina sawasawa. Ule mustari wa wino ndio ushahidi wao wote.