Redio ya baharini, usikilizaji wake Unguja

Usikilizaji wa redio ya baharini ni kunasa, kwa skana au kipokezi kingine, mazungumzo ya vyombo na bandari bila ya msikilizaji kuwa chomboni wala kuwa na kazi gatini. Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi na upana usiozidi 39. Mkaazi wa Dunga, katikati ya kisiwa, huitwa mtu wa shamba, lakini kwa hesabu ya mawimbi ya redio bado yuko ufukweni.

Masafa na umbali

Vyombo huzungumza kwa VHF, baina ya megahezi 156 na 162. Chaneli 16, yaani megahezi 156.8, ndiyo ya kuitana na ya dhiki. Wakishaitana, wahusika huhamia chaneli nyingine na kuiacha 16 wazi. Chaneli 70 haina sauti ya mtu. Hupitisha miito ya kidijitali tu. Redio ya melini ina nguvu ya wati 25, ya mkononi wati 5 au 6. Manahodha wa nje hutumia Kiingereza cha maneno maalumu yaliyopitishwa na Shirika la Kimataifa la Bahari mwaka 2001.

Mawimbi haya huenda moja kwa moja na hukoma pale dunia inapojipinda, kwa hiyo urefu wa antena una faida zaidi kuliko nguvu ya redio. Hesabu yake ni nyepesi: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena juu ya bahari kwa mita, zidisha kwa 4.1, utapata kilomita; kisha ujumlishe za pande zote mbili. Antena iliyo mita 16 juu ya bahari, kwenye paa la nyumba ya Mji Mkongwe, huona kilomita 16 hivi. Meli yenye antena ya mita 25 huona 20 na ushei. Wawili hao husikilizana kwa kilomita 36 au 37, nusu ya njia ya Dar es Salaam. Kutoka kwenye mwinuko wa mita 100 upande wa Masingini, umbali huo hupita kilomita 60. Siku za shwari na joto, tabaka za hewa juu ya bahari huyapinda mawimbi, na sauti za mbali zaidi husikika kwa saa chache kisha zikapotea.

Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, pamoja na vichochoro vyembamba, huufanya Mji Mkongwe kuwa mahali pabaya pa kusikiliza kutoka chini na pazuri sana kutoka juu. Waya wa sentimita 47 uliosimamishwa wima juu ya paa hushinda skana ya bei kubwa iliyowekwa sebuleni. Adui wake ni chumvi, ambayo hula viungio vya waya.

Redio ya masafa mafupi, mfano kilohezi 8291, hufika mbali kuliko VHF, hata bara.

Historia

Kabla ya redio, habari za meli zilipita kwenye waya. Kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilifikisha waya wa chini ya bahari Unguja kutoka Aden mwaka 1879, na Shangani ikawa njia panda ya habari za Afrika Mashariki. Jengo la simu la hapo leo ni sehemu ya hoteli.

Redio ilikuwa na nafasi yake katika vita vilivyofika kisiwani. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari za Kiingereza ziliupiga mizinga mnara wa redio wa Wajerumani Dar es Salaam ili kuikatia mawasiliano manowari ya Kijerumani Königsberg. Königsberg haikunyamaza. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 iliikuta HMS Pegasus bandarini Unguja ikitengenezwa mitambo, ikaizamisha mbele ya macho ya wenyeji. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa, na makaburi yao yapo kisiwani Chapwani. Königsberg yenyewe iliangamizwa katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915.

Neno la dhiki Mayday lilikubaliwa kimataifa mwaka 1927. Mfumo wa sasa wa dhiki na usalama baharini ulianza kutumika kikamilifu tarehe 1 Februari 1999.

Ajali na ukimya

Misiba miwili mikubwa ndiyo iliyoonyesha umuhimu wa masikio ya nchi kavu. MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, ikiwa imejazwa watu kupita kiasi. Tume ya uchunguzi ilitaja watu 1,573 waliokufa au kupotea. Haujapita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikapinduka karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Chumbe iko kilomita 12 hivi kutoka Mji Mkongwe. Kwa hesabu ya hapo juu, hata redio ya mkononi inayoelea usawa wa maji husikika kutoka pale hadi kwenye paa lolote refu la mji.

Ngalawa na mashua nyingi hazina redio, na wavuvi hutegemea simu. Simu humfikia mtu mmoja, tena akiwa na mtandao. Mwito wa chaneli 16 huwafikia wote walio karibu kwa mara moja. Tofauti hii ni kubwa mno kuachwa mikononi mwa bahati.

Sheria

Kanuni za kimataifa za redio zinakataza kunasa bila ruhusa na kutangaza mawasiliano yasiyokusudiwa umma. Nchini, vifaa na masafa husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Lakini mwito wa dhiki ni wa kila anayeusikia.

Hali ya sasa

Tangu mwaka 2012 kidude cha USB cha kupokelea televisheni kimegeuzwa kuwa skana ya bei nafuu. Kidude hicho hunasa pia ishara za AIS kwenye megahezi 161.975 na 162.025, zinazotaja jina la meli, mwendo wake na mahali ilipo.

Anayesikia Mayday isiyojibiwa na kituo chochote aandike saa, jina la chombo na mahali kilipo, kisha apeleke habari hizo kwa kikosi cha KMKM au bandarini papo hapo.