Tarakimu

Fundi anayejiundia nyumbani saa ya ubao wa matokeo, ile ihesabuyo sekunde 24 za mpira wa kikapu kwa taa nyekundu zionekanazo hata juani, hulazimika kutambua tofauti ambayo wasemaji wengi wa zama hizi wameghafilika nayo, yaani kwamba 24 ni idadi moja, bali tarakimu zake ni mbili, na kila tarakimu yataka kuchorwa peke yake ubaoni. Mchoro huo, kwa desturi ya mafundi, ni vijiti saba vya nuru: 8 huviwasha vyote, 1 huridhika na viwili, na kila kijiti chaweza kuwa taa tano za LED zilizofuatana katika waya mmoja, kila taa ikichukua takriban volti 2, hata katika volti 12 za betri zikabaki mbili za kumezwa na rezista, ambayo fundi akiiacha, taa huungua.

Neno lenyewe, tarakimu, ni la asili ya Kiarabu, na halina badala iliyo bora. Basi nawasihi watangazaji na walimu: idadi iitwe idadi, na alama zake ziitwe tarakimu.